Mkate wa tanuri la kuni Majengo, Moshi: nimeuzamisha kwenye mchuzi wa torta na haya ndo majibu

Wadau wa Moshi na Arusha habari zenu. Leo naleta maoni kuhusu mkate. Siyo ule wa slesi wa kunywea chai, nazungumzia mkate wa mkono unaookwa kwenye tanuri la kuni huku Majengo na mama mmoja mtu wa Tanga, na nimeupima kwa kipimo kigumu kuliko vyote ninavyovijua, yaani nimeukata, nimeujaza nyama, nimeuzamisha wote kwenye mchuzi wa nyanya kama Wameksiko wanavyofanya na torta, mkate wao wa kujazwa, nikaungoja dakika kumi kwa saa ya simu nione kama utaachia. Haujaachia. Chini ulikuwa bado unashikika kwa mkono na juu ganda bado linasikika kwenye meno, na hapo ndo nikasema hii lazima niiandike maana nimeutafuta mkate wa hivi karibu miaka miwili.

Mi ni mpishi wa mlimani, Kilimanjaro, huu mwaka wa kumi na moja. Anayejua kazi yetu anajua kwamba mgeni akiwa juu kule ndo anakupima kweli, hana pengine pa kwenda kula. Sasa mwaka juzi tulikuwa na tripu ya kupanda kwa njia ya Machame, kundi la watu sita, mmoja alikuwa mzee wa Guadalajara kule Meksiko. Siku ya kutoka kambi ya Shira kwenda kambi ya Barranco si unajua mnapita Lava Tower, mita 4,600 na kitu, pale watu vichwa vinauma na chakula hakipiti, nikawapa lanchiboksi, skonzi ya siagi na kipande cha kuku, yai, ndizi. Jioni yule mzee akaja kwenye tenti ya jikoni. Nikajua anakuja kulalamika. Kumbe alikuja kuongelea mkate tu, alisema kuku alikuwa mzuri ila ule mkate ulishafinywa na begi hadi ukawa donge, na akasema kwa heshima kabisa, mwongoza wageni wetu anayejua Kihispania akawa ananitafsiria. Kisha akachukua kipande cha trei ya mayai akanichorea kwa biro mkate mrefu kiasi, umechongoka huku na huku, una mchano mmoja mgongoni. Akaniambia kwao unaitwa birote, na bila huo hakuna torta. Kile kipande cha trei ninacho mpaka leo, kimebandikwa ukutani jikoni kwangu juu ya ndoo ya unga.

Kwa ambao hawajawahi kusikia, torta ya Meksiko ni mkate uliopasuliwa ukajazwa. Ila wana mikate yao maalumu kwa kila aina, na wanazijali hizo tofauti kama sisi tunavyojali ndizi ipi ni ya mtori na ipi ni ya kuchoma. Kuna telera, huo umekaa bapa, una mistari miwili mgongoni inayougawa sehemu tatu. Kuna bolillo, wa duaradufu una mchano mmoja. Puebla wana cemita, wa duara wenye ufuta juu. Mexico City asubuhi watu wanakula torta yenye tamale ndani, yaani ugali wa mahindi uliopikwa kwa mvuke kwenye maganda unaingizwa ndani ya mkate, wanaiita guajolota, na mtu anaenda nayo kazini ameshiba mpaka mchana. Na Guadalajara ndo kuna hiyo ya yule mzee, torta ahogada. Ahogada maana yake iliyokufa maji. Mkate unajazwa nyama ya nguruwe halafu unazamishwa kwenye mchuzi wa nyanya, wengine wanazamisha nusu tu, wengine wote mpaka juu, halafu kuna mchuzi wa pili wa pilipili kali unaongeza mwenyewe kadiri ya roho yako. Birote wao una ganda gumu na uchachu kidogo, na ndo maana unastahimili kuogelea. Watu wa Guadalajara wanasema huo mkate hautoki vizuri mji mwingine wowote, wanataja maji, wanataja hewa, wanataja mwinuko wa mji wao. Guadalajara iko kama mita 1,500 hivi juu ya bahari, Arusha iko karibu na 1,400, kwa hiyo nyie wa Arusha kwa hoja ya mwinuko hamko mbali nao kabisa, sisi wa Moshi tuko chini zaidi.

Nikarudi chini na hiyo picha na hamu kubwa. Msimu wa mvua za masika sisi hatupandi sana, Aprili na Mei wapishi wengi tuko nyumbani, nikasema huu ndo muda. Nikaenda supamaketi moja hapa mjini, jina naliacha, nikanunua skonzi pakiti mbili zimeandikwa za siku hiyohiyo. Nikapika nyama vizuri, mchuzi vizuri, nikazamisha. Hazikumaliza dakika moja. Zilinywa mchuzi zikavimba zikaachia, nyama ikabaki inaelea kwenye bakuli la uji mwekundu, na mbaya zaidi ule uji ulikuwa mtamu. Sukari! Mke wangu alionja kijiko kimoja akaweka bakuli chini akaniuliza, "Baba Eliya, huu mkate mbona kama wa birthday?" Na alikuwa sahihi. Nilijaribu tena duka lingine la mikate, hao wanauza mirefu kama ya Kifaransa, ganda lilikuwepo ila lilikuwa jembamba kama karatasi na ndani pamba tupu, nao ukaachia. Nilisikitika kwa kweli, maana nyama ile siyo ya kuchezea, ni hela.

Sasa hapa naomba nieleze kitu maana ndo kiini cha maoni yangu yote. Mikate yetu mingi ya dukani inatiwa sukari, inatiwa mafuta au siagi, mingine maziwa, ili iwe laini na ikae laini siku tatu kwenye plastiki. Hicho ndo tunachotaka kwa chai na wala sina ugomvi nacho. Lakini mafuta na sukari vinalainisha ganda, na mkate laini ni sponji, ukiutia mchuzi unakunywa wote kwa mara moja. Mkate wa torta unataka unga, maji, chumvi na hamira basi, unataka moto mkali sana, na unataka mvuke mwanzoni ili ganda lisikauke kabla mkate haujapanda, halafu mvuke ukiisha ndo ganda linakaza na kuwa gumu. Oveni zetu za gesi za nyumbani hazifiki moto huo, nimejaribu, unapata kitu kimepauka kama kimeumwa malaria.

Kumpata huyu mama ilikuwa kwa bodaboda. Nilikuwa nimepanda nimebeba unga, dereva akaniuliza unafungua mgahawa kaka? Nikamwelezea shida yangu, akasema mbona kuna mama nyuma ya msikiti anaoka boflo kama za Zanzibar, anauza alfajiri kwa watu wa supu. Boflo! Mi boflo nilishakula Unguja mara moja nilipoenda harusi, ile mirefu inayouzwa kwenye baiskeli, ganda linalia, na kwa nini sikuiwaza siku zote hizo sijui. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikawa pale.

Hakuna bango. Kuna uwanja mdogo, paa la bati, tanuri la matofali limepakwa udongo limekaa kama kichuguu, na kuni za mkahawa zimepangwa pembeni, zile za kupogolea mashambani huko juu. Nikaamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, ngapi?" Nikamwambia mama mi nataka kitu kidogo tofauti, nikatoa simu nikamwonyesha picha ya ile trei. Akaitazama sana, akaita mjukuu wake amletee miwani, akaitazama tena. Akasema, "Huu ni boflo mfupi. Nani kakuchorea?" Nikamweleza kuhusu yule mzee, na mchuzi, na kufa maji. Akacheka hilo la kufa maji. Halafu akaniuliza swali ambalo mwokaji wa kweli ndo anauliza, "Sasa unataka ukauke kiasi gani?" Hakuna duka lililowahi kuniuliza hivyo.

Niliomba kukaa niangalie na akakubali, akanipa kigoda. Nataka mwelewe anachofanya, kwa sababu bei ya mkate wake ni shilingi 500 na kazi iliyomo ndani ni kubwa mno. Kila siku anabakiza donge la unga uliokandwa, kama ngumi mbili, analifunika kwenye bakuli la udongo, na kesho linaingia kwenye unga mpya na hamira inatiwa kidogo sana. Lile donge la jana ndo linaleta uchachu. Unga unakandwa saa mbili usiku, unaumuka usiku kucha. Saa tisa anawasha moto ndani ya tanuri lenyewe, kuni zikishakuwa makaa anayakwangua yote nje kwa jembe lenye mpini mrefu, halafu anachukua gunia limelowa, limefungwa kwenye mti, anapiga deki sakafu ya tanuri kutoa majivu. Gunia likigusa matofali linalia tssss na mvuke unajaa ndani, na hapohapo mikate inaingia, anachana migongo kwa wembe haraka haraka, mlango unafungwa kwa bati na matambara mabichi. Mi nilisimama, nikajisemea moyoni mvuke ndo huu. Sijui kama yeye anauita mvuke wa ganda, yeye anasema anasafisha majivu, ila kazi inafanyika.

Ulipotoka akauchukua mmoja akaugeuza akaugonga kitako kwa kidole, ukatoa sauti ya ndani kama ngoma ndogo. "Umeiva," akasema. Akanipa nibonyeze karibu na sikio, ganda likalia kama majani makavu ya mgomba ukiyakanyaga. Rangi ni kahawia ya kuelekea nyeusi kwenye ncha, chini kuna majivu kidogo, unapangusa tu. Ndani siyo pamba, ni mzito wenye matundu ya ukubwa tofauti, ukiuvuta unavutika kabla haujakatika. Na unanukia ngano, harufu ambayo mkate wa plastiki hauna.

Basi nikarudi nyumbani nikapika, na hapa naeleza nilivyofanya kwa anayetaka kujaribu.

Maharage kwanza. Torta nyingi zina maharage yaliyopondwa, wanaita refritos, na watu hudhani maana yake yamekaangwa mara mbili ila maana yake ni yamekaangwa sana. Mi natumia yale ya Lyamungu yenye madoa mekundu, yanayotokana na kituo cha utafiti cha Lyamungu kule Hai, yanaiva haraka na ganda lake jembamba. Loweka usiku, chemsha na kitunguu mpaka yafe kabisa. (Wapishi wenzangu, haya msijaribu kuchemshia mlimani, Shira maji yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi, utachoma gesi yote na maharage yatabaki yanagoma. Yachemshe nyumbani uyabebe yameshapondwa.) Kisha kwenye sufuria weka mafuta ya nguruwe, kitunguu kiungue kidogo, mimina maharage na maji yake kidogo, ponda kwa mwiko huku moto unaendelea mpaka yaanze kuachia sufuria yenyewe. Mama yangu mzazi wa Uru nilimpelekea akaonja akasema hiki si ni kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, ila kisicho na ndizi. Ndiyo mama, ni hivyo hivyo.

Nyama. Kwao inaitwa carnitas, na mtu wa Moshi kuelezwa carnitas ni kuelezwa kitu anachokijua kwa nusu, kwa sababu kitimoto tunakijua. Tofauti ni kwamba sisi tunakaanga na hoho, nyanya, vitunguu, vyote vinaingia humo humo. Wao hawatii mboga kabisa, nyama inapikwa polepole ndani ya mafuta yake. Nilichukua bega kilo moja na nusu, lenye mafuta yake, nikakata vipande vya ngumi ya mtoto, chumvi, kikombe cha maji, mafuta ya nguruwe vijiko vitano hivi, vitunguu saumu, majani mawili ya bay (bay leaf), chungwa moja limekatwa kati nikalikamulia na maganda yake nikayatupia humo, na maziwa robo kikombe yanayosaidia rangi. Moto mdogo wa mkaa, umefunikwa nusu, saa mbili. Maji yakikauka nyama inaanza kujikaanga kwenye mafuta, hapo ndo uongeze moto kidogo na usiondoke, geuza mpaka iwe na kingo za kahawia huku ndani inachanika kwa uma. Chungwa lisikudanganye kuwa ni mbwembwe, linaondoa ule uzito wa mafuta.

Huyo mama ni Mwislamu, na mikate yake haina mafuta ya mnyama yeyote, maji na chumvi tu. Aliniuliza ndani nitaweka nini nikamwambia ukweli, akasema "mkate ukishatoka kwangu ni wako mwanangu," ila mimi huwa siendi kwake na nyama wala chombo kilichobeba nyama hiyo, na nawaomba mtakaoenda mfanye hivyo hivyo, ni uwanja wake. Kwa majirani wasiokula nguruwe nimeshapika kwa mguu wa mbuzi na kwa kuku wa kienyeji, maharage nikayakaanga kwa mafuta ya alizeti. Mbuzi alikuwa mtamu hata mimi nilirudia.

Mchuzi ni mbili, msichanganye. Wa kuzamishia hauna ukali, nyanya nane zilizoiva sana, zichome juu ya makaa mpaka ngozi iungue, saga na kitunguu, saumu, binzari nyembamba kidogo, karafuu moja, moja tu, na oregano kama unayo, kisha chemsha dakika ishirini uchuje. Uwe mwepesi kama supu. Wa pili ni wa pilipili, wao wanatumia chile de árbol, nyekundu nyembamba iliyokaushwa, mi nimetumia pilipili kichaa iliyokaushwa, na kwa kuwa yetu ni kali zaidi weka nne pale ambapo ungeweka kumi, saga na siki na chumvi. Nawashukuru Wameksiko kwa mpango huu wa sufuria mbili, watoto wangu wanakula chakula kilekile tunachokula sisi bila kilio mezani. Juu ni vitunguu vilivyokatwa pete, vimelowekwa kwenye ndimu na chumvi nusu saa mpaka viwe pinki, hiyo mwenye kachumbari hahitaji somo.

Ukitazama hiyo orodha, nyanya, pilipili, maharage, na parachichi kwa torta nyingine, vyote asili yake ni kule kwao, na vyote vimo sokoni Mbuyuni asubuhi yoyote, wakati ngano na nguruwe hata wao waliletewa na Wahispania karne ya 16. Kwa hiyo tulichokuwa tunakosa ni mkate tu. Ndo maana nasisitiza mkate.

Kupanga: pasua mkate ubavuni usiutenganishe, paka maharage pande zote mbili mpaka kwenye kingo, haya ndo yanazuia mchuzi usipenye haraka. Jaza nyama. Shika kwa mikono miwili, zamisha, hesabu mpaka tano, geuza, hesabu tena, weka kwenye bakuli na mimina mwingine juu. Mkate wa Majengo nilioutumia siku hiyo ulikuwa na masaa matatu toka tanurini. Dakika ya kwanza hakuna kilichobadilika. Dakika ya tano ganda la juu likaanza kulainika ila ndani bado kavu. Dakika ya kumi niliuinua wote kwa vidole kama samaki na haukuchanika, nikauma, kwanza mchuzi, halafu ganda likakatika, halafu maharage na nyama ya moto, ule uchachu wa mkate ukakutana na ndimu ya vitunguu. Mke wangu alimaliza wake bila kuongea, akanyoosha mkono akavunja kipande cha wangu. Nikampigia yule mwongoza wageni usiku huo huo amtumie mzee picha. Mzee akajibu asubuhi kwa Kihispania, mwongoza wageni akanitafsiria kwamba anauliza nani kaoka.

Kwa lanchiboksi nimetengeneza ile ya kavu, na hii nadhani wapishi wa mlimani wote tuichukue. Unapasua mkate, unachokoa ndani kidogo upate nafasi, zile chenga zilizochokolewa unazikausha juani unazisaga, zinakuwa za kupakia nyama. Steki ya ng'ombe unaipiga mpaka iwe nyembamba kama kitambaa, inaingia kwenye yai, kwenye zile chenga, kwenye mafuta ya moto, dakika mbili kila upande. Kwao wanaiita milanesa. Maharage chini, milanesa, parachichi limepondwa na ndimu na chumvi, achari ya karoti na pilipili, funga kwenye karatasi siyo foili, foili inatoa jasho na ganda linalegea. Juni tulipanda, nilibeba mikate ishirini kwenye ndoo yenye kitambaa, wagumu, yaani wapagazi, wanajua hiyo ndoo ilivyolindwa. Siku ya tatu pale Lava Tower wageni walikula wote na hakuna boksi lililorudi na mkate, na mkate haukufinywa. Siku ya nne ulikuwa umekauka sana, nikaupasha juu ya kikaango umefunikwa na kitambaa chenye unyevu, ukaamka, ila usiku wa kwenda kileleni sikuwa na imani nao tena.

Sasa mapungufu, maana haya ni maoni siyo tangazo. Saa moja na nusu asubuhi mikate imekwisha, watu wa supu wanaikomba. Ukitaka mifupi ya torta lazima uagize jana yake kabla ya swala ya magharibi, usipoagiza unapata mirefu ya kawaida, na hiyo ukiikata mara tatu ncha zinabaki wazi na mchuzi unaingilia hapo, nimejaribu. Siku za mvua kubwa kuni zinakuwa mbichi na kuna siku mbili nilikuta imepauka, na yeye mwenyewe akakataa kuniuzia ile iliyopauka kwa ajili ya mchuzi, alisema chukua ya chai kwa 300 kesho urudi. Ijumaa anaoka kidogo. Mifuko hana, nenda na kapu au kitambaa, na ukiuweka kwenye plastiki ukiwa wa moto umeuharibu mwenyewe, ganda linakuwa kama la kitumbua. Na chumvi, kwa ladha yangu ingeongezwa kidogo, birote wa Guadalajara unaitwa kabisa salado, wa chumvi. Nilimwambia, akasema wateja wake wa supu hawapendi, supu ina chumvi tayari. Ana hoja.

Kwenye tano natoa nne na nusu. Nusu nimeibakiza kwa sababu ya chumvi na siku za mvua.

Namba yake siweki hapa hajaniruhusu. Fika Majengo, uliza tanuri la boflo nyuma ya msikiti, watoto wote wanajua. Muamkie, mwambie unataka mifupi iliyokauka, atakuuliza ikauke kiasi gani, mjibu "ya kuzamisha." Mimi Jumamosi nachukua kumi na mbili, nane za nyumbani na nne nimemuahidi yule dereva wa bodaboda, amesema anakuja na mke wake na pilipili yake mwenyewe.